Ukishaangika Daluga, Mwili Haujastaafu

Kandanda humfaa mwanamke kabla ya ndoa, wakati wa kulea na hata anapozeeka, mradi ajue mwili wake unahitaji nini katika kila hatua.

Ukishuka kwenye matatu mjini Busia au Malaba mwendo wa saa kumi na moja jioni, malori yakiwa yamepanga foleni kungoja kuvuka kuingia Uganda, huenda ukawaona wasichana wakiufukuza mpira katika uwanja wa shule ulio karibu. Hakuna anayesimama kuwashangaa tena. Mwaka 2016 timu ya taifa ya wanawake, Harambee Starlets, ilicheza fainali za Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, nchini Cameroon. Mwaka 2024 wasichana wa chini ya miaka 17 wakawa timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya kufika Kombe la Dunia, katika Jamhuri ya Dominika, na huko wakaishinda Mexico 2-1.

Hata hivyo, kuna mtu ambaye hazungumziwi sana, naye ni yule aliyecheza jana. Alivaa jezi ya shule, pengine ya wilaya, pengine hata ya taifa. Leo ana miaka 35 au 40. Ana watoto watatu, anauza nafaka sokoni au anafundisha darasani. Goti humuuma akipanda ngazi. Nguo za zamani hazimtoshi. Binti yake mkubwa naye anataka daluga, na nyanya wa mtoto hataki kusikia habari hizo kwa sababu anaamini mpira utamharibu msichana asizae.

Yamkini mama huyo ni wewe. Yamkini ni mke wako, dada yako au jirani yako. Makala haya yanaeleza kinachotokea katika mwili wa mwanamke anayecheza kandanda, anayeiacha ili azae, na anayezeeka baada ya kuiacha. Aidha, yanaeleza kile ambacho familia inaweza kufanya ili mchezo na nyumba visigombane.

JE, MPIRA HUHARIBU KIZAZI?

Tuanze na hofu ya nyanya, kwa kuwa hofu hiyo haikuzaliwa Samia wala Teso. Mnamo Desemba 1921 Chama cha Kandanda cha Uingereza kiliwafungia wanawake viwanja vya klabu zake kikidai kwamba mchezo huo hauwafai. Marufuku hayo yalidumu takriban miaka 50. Brazil iliwakataza wanawake kwa amri ya serikali mwaka 1941 ikisema mchezo huo haupatani na maumbile yao, na amri hiyo ikaondolewa mwaka 1979. Ujerumani Magharibi nayo iliwazuia kuanzia 1955 hadi 1970. Kwa hivyo, nyanya akisema mpira si wa wasichana, anarudia maneno yaliyowahi kusemwa na wakubwa wa Ulaya na Amerika.

Sayansi haikuunga mkono maneno hayo. Tumbo la uzazi la msichana ambaye hana mimba ni dogo, nalo limekaa ndani kabisa ya mifupa ya nyonga, mahali palipokingwa vyema. Mpira ukimgonga tumboni atasikia maumivu, lakini hauwezi kukitoa kizazi mahali pake. Kukimbia, kuruka na kupiga mashuti hakuzibi mirija ya uzazi wala hakukaushi mayai.

Lakini kuna jambo moja la kweli ambalo wazazi wanapaswa kulijua. Msichana anayefanya mazoezi makali huku anakula chakula kidogo anaweza kukosa hedhi kwa miezi mingi. Mwili unapoona nguvu zinazotumika ni nyingi kuliko chakula kinachoingia, hupunguza kazi zisizo za lazima kwa wakati huo, na mojawapo ni kutengeneza homoni za uzazi. Mnamo 2014 wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki waliipa hali hiyo jina na wakaeleza kwamba huathiri mifupa, moyo, kinga ya mwili na hata hali ya moyoni. Homoni zikipungua, mifupa hukosa uimara. Mwanamke hujenga sehemu kubwa ya mifupa yake kabla ya kufikisha miaka 30, na asichoweka akiba wakati huo hatakipata kwa urahisi baadaye.

Hapo tatizo ni sahani kuliko mpira. Msichana akikosa hedhi miezi mitatu mfululizo, naye hana mimba, apelekwe hospitali. Asiambiwe kwamba ni bahati njema ya mwanamichezo. Mara nyingi dawa yake ni kula vya kutosha na kupumzika, kisha hedhi hurudi.

DAMU, MINYOO NA MBU

Kila mwezi mwanamke hupoteza damu, na pamoja na damu hupoteza madini ya chuma. Ndiyo sababu mwanamke aliye katika umri wa kuzaa anahitaji madini hayo zaidi ya mara mbili ya kiasi anachohitaji mwanamume. Akipungukiwa huchoka upesi, huhema kabla ya wenzake, huona kizunguzungu na huumwa na kichwa. Kocha humwita mvivu, ilhali hana damu ya kutosha kupeleka hewa safi kwenye misuli.

Katika kaunti ya Busia kuna maadui wawili wanaozidisha upungufu huo. Wa kwanza ni malaria, ambayo katika ukanda huu wa Ziwa Victoria haiondoki mwaka mzima. Wa pili ni minyoo, hasa safura, ambayo hupenya kwenye ngozi ya miguu isiyo na viatu, ikaenda kujishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu.

Habari za minyoo ya Busia zimesomwa duniani kote. Kuanzia 1998 shule 75 za msingi katika tarafa za Funyula na Budalangi ziliingizwa kwa awamu katika mpango wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo. Kabla ya mpango huo kuanza, zaidi ya asilimia 90 ya wanafunzi waliopimwa walikuwa na aina moja au nyingine ya minyoo. Watafiti Edward Miguel na Michael Kremer waliripoti mwaka 2004 kwamba utoro ulipungua kwa robo katika shule zilizotibiwa, na hata watoto wa shule jirani walinufaika kwa kuwa uambukizaji ulipungua. Kremer alikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Funzo kwa mwanamichezo ni jepesi. Anayecheza pekupeku kwenye nyasi zenye unyevu anaweza kurudi nyumbani na safura. Mvalishe mtoto viatu, hata vya mitumba. Ahakikishe amepata dawa ya minyoo shuleni. Alale ndani ya chandarua kila usiku. Akiwa na homa asikimbilie uwanjani kuitoa kwa jasho, bali apimwe kwanza.

Kuhusu chakula, hatuhitaji vitu vya kopo. Omena, dagaa, maharagwe, kunde, saga, managu, nyama na maini vina madini ya chuma. Chuma cha mboga na maharagwe hakiingii mwilini kwa urahisi, lakini ukila pamoja na chungwa, embe au nyanya mbichi huingia zaidi. Chai ya rangi au ya maziwa inayonywewa pamoja na chakula hukizuia. Ngoja saa moja au zaidi baada ya kula ndipo unywe chai yako. Ugali wa muhogo na mtama hutia nguvu, lakini hautoshi peke yake, lazima uandamane na kitoweo.

Kuna jambo jingine la damu ambalo familia za magharibi ya Kenya hazipaswi kulinyamazia, nalo ni ugonjwa wa selimundu. Anayebeba chembe moja tu ya ugonjwa huu kwa kawaida ni mzima na anaweza kucheza, ila anywe maji ya kutosha, asilazimishwe kukimbia mfululizo juani na apumzike mara tu anapojisikia vibaya. Wazazi wawili wanaobeba chembe hiyo wana uwezekano wa mara moja kati ya nne, katika kila mimba, wa kupata mtoto mgonjwa. Vijana wanaotaka kuoana wapimwe mapema.

GOTI LA MWANAMKE

Mchezaji aliyestaafu ukimuuliza mpira ulimwachia nini, mara nyingi atakuonyesha goti. Ndani ya goti kuna kano zinazoshikilia mfupa wa paja na wa muundi. Kano ya mbele ndiyo inayokatika sana katika kandanda. Wanawake wanaocheza mchezo huu huipasua mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Sababu ni nyingi: umbo la nyonga na miguu, namna ya kutua baada ya kuruka magoti yakigeukia ndani, misuli ya nyuma ya paja isiyo na nguvu, pamoja na viwanja vibovu na mazoezi yasiyo na mpango.

Mara nyingi jeraha hili hutokea bila mtu kuguswa. Mchezaji anakimbia, anasimama ghafla, anageuka. Husikia mlio ndani ya goti, na baada ya saa chache goti limevimba. Hapo aache kucheza mara moja. Aweke barafu au kitambaa cha maji baridi, afunge bandeji isiyokaza mno na ainue mguu. Katika siku mbili za kwanza asikandwe kwa maji moto wala asisuguliwe. Kisha amwone daktari, hata kama uvimbe umepungua, kwa sababu kuisha kwa uvimbe hakumaanishi kwamba kano imepona.

Uzembe wa leo hulipwa baadaye. Karibu nusu ya watu waliopasuka kano hiyo, au kile kipande cha gegedu kilicho katikati ya goti, huja kuwa na ugonjwa wa kusagika kwa goti baada ya miaka 10 hadi 20. Msichana aliyeumia akiwa na miaka 18 anaweza kutembea kama mzee akiwa na miaka 38, wakati bado ana mtoto wa kubeba mgongoni.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii haina gharama. FIFA ina mazoezi ya kupasha mwili joto yanayochukua dakika 20: kukimbia polepole, kuimarisha tumbo na mapaja, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yakiwa yameelekea mbele. Mazoezi hayo yalijaribiwa Norway miongoni mwa wasichana wa miaka 13 hadi 17 kutoka klabu zaidi ya 100, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Majeraha yalipungua kwa takriban theluthi moja. Mwalimu wa michezo anayewaanzishia wasichana mechi bila kuwapasha joto anawanyima kinga ambayo ingempotezea dakika 20 tu.

MIMBA NA KURUDI UWANJANI

Hapa ndipo wengi huangika daluga. Mwaka 2017 chama cha wachezaji wa kulipwa duniani, FIFPRO, kiliwahoji wachezaji wanawake zaidi ya 3,000 katika nchi mbalimbali. Asilimia 2 tu walikuwa na watoto, na asilimia 47 walisema huenda wakaacha mchezo mapema ili waanze familia. Yaani karibu nusu waliona kwamba lazima wachague kimoja.

Je, ni lazima? Beki wa Marekani Joy Fawcett alizaa mabinti watatu kati ya 1994 na 2001 na akaendelea kuchezea taifa lake hadi 2004. Mwenzake wa kizazi kilichofuata, Alex Morgan, alizaa Mei 2020, akarudi akacheza Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 na Kombe la Dunia 2023, kisha akastaafu Septemba 2024 akitangaza kwamba ana mimba ya pili. Katika riadha sisi wenyewe tuna Faith Kipyegon, aliyejifungua mwaka 2018 na baadaye akashinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 2021 na tena 2024.

Walichokuwa nacho wengi wa wanawake hao ni msaada. Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji wa kulipwa likizo ya uzazi ya wiki 14 au zaidi, angalau 8 zikiwa baada ya kujifungua, kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara, na klabu haiwezi kumfuta kwa sababu ya mimba. Mchezaji wa Iceland Sara Björk Gunnarsdóttir alizitumia kanuni hizo dhidi ya klabu yake ya Lyon, na mwaka 2022 FIFA iliamuru alipwe zaidi ya euro 82,000 alizokuwa akidai. Hapa Kenya Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama mwajiriwa miezi mitatu yenye malipo kamili na baba wiki mbili. Lakini mchezaji asiye na mkataba hawezi kuidai haki yoyote kati ya hizo. Binti yako akipewa jezi ya klabu, muulize kama amepewa pia karatasi ya kutia sahihi.

Sasa tuutazame mwili. Mwanamke mwenye mimba isiyo na matatizo hafai kulala kitandani miezi tisa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba afanye mazoezi ya wastani ya angalau dakika 150 kwa wiki: kutembea kwa haraka, mazoezi ya viungo, kazi za nyumbani zinazotoa jasho. Kandanda yenyewe ni kitu kingine. Ina vikumbo, viwiko na kuanguka, na mimba inapokua tumbo hutoka nje ya ngome ya nyonga. Kwa hiyo mara mama anapojua ana mimba aache mechi, aendelee na mazoezi mepesi na amweleze mkunga. Akiona damu, maji yakimtoka, kichwa kikimgonga sana, kifua kikiuma au muundi ukivimba, aache na aende hospitali siku hiyo hiyo.

Katika ukanda wetu kliniki ya wajawazito ina kazi ya ziada. Kuanzia mwezi wa nne mama hupewa dawa ya kukinga malaria kwa vipindi, vidonge vya kuongeza damu, chandarua, na dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita. Anza kliniki mapema.

Baada ya kujifungua, usikimbilie uwanja kwa kuwa umeona picha ya nyota fulani. Mwongozo uliotolewa na wataalamu wa tiba ya viungo nchini Uingereza mwaka 2019 unasema mama asianze kukimbia kabla ya wiki 12, hata kama alijifungua kwa njia ya kawaida. Aliyepasuliwa huenda akahitaji muda zaidi. Siku za kwanza atembee polepole na afanye zoezi moja ambalo wanawake wengi hawajawahi kuelezwa: kukaza misuli ya chini ya nyonga, ile inayozuia mkojo. Kaza ukihesabu hadi tano, legeza, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Unaweza kulifanya ukiwa dukani au ndani ya matatu na hakuna atakayejua.

Mama anayetokwa na mkojo anaporuka au kukohoa asione aibu wala asidhani ndiyo gharama ya kuzaa. Hali hiyo ina matibabu. Na maziwa je? Mazoezi ya kadiri hayakaushi maziwa wala hayayafanyi kuwa machungu. Nyonyesha kabla ya kwenda uwanjani, vaa sidiria inayoshika vizuri na unywe maji. Mtoto aendelee kupata maziwa ya mama pekee hadi miezi sita.

MIAKA BAADA YA MPIRA

Mchezaji anapoacha, miguu hupumzika lakini tumbo halijui. Anaendelea kula sahani ile ile aliyoizoea akikimbia kilomita kadhaa kwa siku. Katika miaka michache uzito umeongezeka, shinikizo la damu limepanda na sukari inanyemelea. Kuwa bingwa zamani hakumkingi mtu, kwa kuwa mwili hauweki mazoezi benki. Kinachohesabiwa ni unachofanya wiki hii.

Busia inajulikana kuwa ndiko ilikoanzia boda boda, baiskeli zilizowavusha watu kati ya vituo viwili vya mpaka. Leo ni pikipiki, na mtu huiita hata kwa safari ambayo angeimaliza kwa miguu kwa dakika 15. Ukitembea kwenda sokoni na kurudi kwa mwendo wa haraka, siku tano kwa wiki, umekwishapata zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linamtaka kila mtu mzima azipate. Ongeza siku mbili za kuimarisha misuli: kuchuchumaa na kuinuka, kupanda ngazi, kubeba ndoo mkono wa kushoto na wa kulia.

Kama goti linauma, usilale. Misuli ya paja ikilegea goti huzidi kuumia. Tembea tambarare, endesha baiskeli, na punguza uzito. Utafiti umeonyesha kwamba kila kilo moja unayoipunguza huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua.

Na je, unaweza kurudi kwenye mpira wenyewe? Ndiyo, kwa mtindo mwingine. Katika visiwa vya Faroe watafiti waliwachukua wanawake wa miaka 35 hadi 50 wenye shinikizo la damu lililopanda kidogo, ambao hawakuwa na mazoea ya mazoezi. Walicheza kandanda kwenye uwanja mdogo saa moja, mara tatu kwa wiki. Baada ya wiki 15 kipimo cha juu cha shinikizo lao kilikuwa kimeshuka kwa wastani wa pointi 12. Kwa akina mama wa chama cha kuweka na kukopa wanaokutana kila wiki hilo ni wazo lisilo na gharama: mpira mmoja, mawe manne ya kuwekea magoli, timu za watu watano watano, hakuna kuteleza kumvamia mwenzako. Lakini kabla ya kuanza, kila mmoja apimwe shinikizo la damu. Anayetumia dawa asiache kwa sababu anacheza.

Kuna jeraha jingine lisiloonekana. Mchezaji anayeacha hupoteza wenzake, ratiba, na ile sauti ya watu wakiita jina lake. Wengine huwa wakali nyumbani, wengine hukosa usingizi, wengine hunyamaza. Akijifungua wakati huo huo, mzigo huwa mara mbili. Mama anayelia kila siku kwa zaidi ya wiki mbili baada ya kuzaa, au asiyetaka kumwona mtoto, hajalogwa wala hana kiburi. Ni mgonjwa na anatibika.

Njia mojawapo ya kuponya jeraha hilo ni kuendelea kuwa karibu na mchezo. Doreen Nabwire, aliyekulia Korogocho jijini Nairobi na kuanzia katika shirika la michezo la vijana wa Mathare, MYSA, anatajwa kuwa Mkenya wa kwanza mwanamke kucheza kandanda ya kulipwa Ulaya, na Werder Bremen ya Ujerumani. Alianzisha mradi wa kuwainua wasichana kupitia kandanda, na baadaye akasimamia kandanda ya wanawake katika shirikisho la taifa. Si lazima ufike huko. Shule iliyo karibu nawe huenda inatafuta mtu wa kuwafundisha wasichana namna ya kutua bila kuvunja goti.

NYUMBA IKIWA TIMU

Bwana unayesoma ukurasa huu, mke wako akitoka saa moja jioni mara mbili kwa wiki kwenda mazoezini, hajaikimbia nyumba. Shika mtoto, injika maji ya ugali. Saa hizo mbili ni nafuu kuliko dawa za shinikizo ambazo mngezinunua kila mwezi hadi uzeeni.

Kwa wazazi wa msichana, yapo mambo manne ya kusimamia. Kwanza, masomo yasiachwe, kwa kuwa kano ikikatika leo cheti ndicho kitakachobaki. Pili, mfahamu kocha kwa jina na kwa nyumba. Safari za mbali ziwe na mwalimu wa kike, na mtoto ajue kwamba akiguswa vibaya au akiahidiwa namba kwa malipo ya mwili atasikilizwa nyumbani bila kupigwa. Tatu, apewe sodo za kutosha na asilazimishwe kucheza siku ya maumivu makali. Nne, ale kabla ya mazoezi na baada yake.

Kwako mama uliyestaafu, unayo mali ambayo shule haiuzi. Ulifungwa mabao ukarudi Jumatatu mazoezini. Uliwekwa benchi ukaendelea kumshangilia mwenzako. Ulijifunza kugawa mpira hata ulipotaka kufunga wewe. Mweleze binti yako hayo, na umweleze pia habari za goti lako bila kuficha, ili asipite njia ile ile.

Wiki hii anza na mambo matatu. Nenda kituo cha afya kilicho karibu upime shinikizo la damu, sukari na wingi wa damu. Tembea dakika 30 kesho asubuhi kabla jua halijawa kali. Na binti akikuomba daluga, mpime mguu kwanza, kwa kuwa kiatu kinachobana huanza kuumiza kucha, kisha hubadili mwendo, na mwendo ukibadilika ni goti linalolipa.